Kikapu Kimoja Tunachokiona

Ukitaka watu wanaojua kila kitu kuhusu timu ya mpira wa kikapu ya Bohari, usijisumbue kwenda ofisini kwao. Njoo kwenye benchi letu. Ni ubao mrefu wa kujengea uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nje wa uwanja, mkabala na duka la vipuri. Tuko wanne na birika moja. Kuna Kikokotoo, karani mstaafu wa stoo, mtu asiyeweza kuona namba akaiacha ipite salama. Kuna Filimbi, fundi baiskeli, aliyewahi kuchezesha mechi moja ya shule na tangu siku hiyo anaongea kama mwamuzi. Kuna Gundi, fundi viatu, ambaye nahodha wa Bohari ni mdogo wake wa tumbo moja. Na kuna mimi, mchora mabango, ambaye hawakunipa jina la utani kwa sababu, wanasema, sina kitu cha kushikia jina. Kahawa anatuuzia Shangazi. Juu ya bega la anayekaa katikati, tofali moja lilitoka ukutani likaacha tundu, na kwa tundu hilo tunatazama mechi kwa zamu, jicho moja kwa wakati. Ukuta wenyewe niliupaka mimi zamani, kwa kazi ya klabu. Miaka ya mwanzo mashati yetu yalikuwa yakirudi nyumbani na bluu mgongoni, wake zetu wakanuna, halafu rangi ikaisha na amani ikarudi.

Tundu linaonyesha kikapu kimoja tu. Kile cha upande wa pili tunakikadiria kwa kelele.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, saa mbili kabla ya mechi ya mwisho ya msimu. Mikataba ya wakongwe wawili ilikuwa inaisha. Mmoja ni Mnara, yule mrefu wa chini ya kikapu, miaka thelathini na tisa, ambaye ana duka lake la vifaa vya umeme na hata akiachwa leo kesho atafungua duka kama kawaida. Mwingine ni Mkono, mfungaji, nahodha, miaka thelathini na saba, mdogo wake Gundi. Huyo hana duka. Kamati ilikuwa haijasema kama itawabakiza, na kwa kuwa kamati ilikuwa imekaa kimya, benchi letu lilikuwa limechukua kazi hiyo.

Kikokotoo alifungua daftari lake gotini.

– Hapa hakuna cha mapenzi wala machozi. Wachezaji ni kumi na wawili. Wawili wanakula nusu ya sufuria. Kumi waliobaki wanagawana nusu iliyobaki.

– Nusu kamili? aliuliza Filimbi.

– Nusu na kidogo.

– Hicho kidogo ni kiasi gani?

– Kidogo ni kidogo. Usinitoe kwenye mstari. Ninachosema, kwa mshahara wa Mkono peke yake unapata vijana watatu wenye magoti mapya.

– Vijana watatu wasiojua kikapu kiko wapi, alisema Shangazi, akimimina.

– Watakijua.

– Lini?

– Shangazi, wewe uza kahawa.

– Nauza. Na wewe hujalipa ya jana.

Gundi alikuwa ameinama juu ya kiatu cha kushoto cha mdogo wake, sindano mdomoni, akishona pembeni mwa soli pale ilipoanza kuachia. Ndiyo desturi yake: kila siku ya mechi viatu vya Mkono hupita kwanza mikononi mwake, na Mkono huvifuata mwenyewe kabla ya kuingia uwanjani. Gundi akiwa anashona huwa hana maneno mengi. Siku hiyo hakuwa nayo kabisa, na sisi kwa ujinga wetu tukadhani ni sindano.

– Dawa ipo, alisema Filimbi. Wachezeshwe mechi za nyumbani tu. Za ugenini wabaki kulala. Nauli imeokoka, chakula kimeokoka, goti limeokoka.

– Na mshahara?

– Mshahara wa nusu.

– Mtu wa mshahara wa nusu ana watoto wa nusu? Shangazi alisema. Kodi atapeleka nusu?

– Basi alipwe kwa dakika, alisema Kikokotoo, macho yakimng'aa. Kama simu. Anaingia uwanjani, saa inahesabu. Anatoka, saa inasimama. Hapo klabu haipotezi hata senti.

– Hapo hatatoka mtu, nilisema. Kocha ataita mpaka sauti imkauke. Mnara atasema hasikii vizuri siku hizi.

– Mnara kweli hasikii vizuri.

– Ndiyo nakwambia.

Filimbi alisimama. Filimbi akisimama ujue wazo lake limekuwa kubwa kuliko benchi.

– Sikilizeni. Kinachowamaliza wazee ni kuruka. Sasa kwa nini waruke? Kikapu kishushwe. Si sana. Shibiri moja. Nani atapima?

– Wapinzani nao si watafungia hicho hicho kipindi cha pili?

– Mapumziko kinapandishwa.

– Na nani?

– Na fundi. Anapanda na ngazi kama anabadilisha taa.

– Kila mapumziko taa inaungua?

– Uwanja wa zamani, bwana. Nyaya mbovu.

Tulicheka, mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Gundi alitoa sindano mdomoni, akaifuta kwenye suruali, akaendelea. Kikokotoo, ambaye hapendi kicheko kisichotoka kwake, akageuza ukurasa.

– Tuache mchezo. Miaka thelathini na saba ni ya nani? Mimi sikubali. Nimepiga hesabu tangu msimu wa kwanza aliocheza. Mkono ana arobaini na mbili.

Hapo Gundi aliinua kichwa.

– Nilikuwepo anazaliwa.

– Ulikuwa na umri gani?

– Miaka sita.

– Mtoto wa miaka sita anajua kuhesabu miaka?

– Nilijua kuwa jana yake hakuwepo.

Kikokotoo aliandika kitu daftarini, pengine ili aonekane hajashindwa. Ndani ya daftari hilo kuna misimu kumi na sita. Kila pointi iliyofungwa kwenye kikapu chetu imo humo, na jina la aliyefunga. Bohari huanza kwa kushambulia upande wetu. Baada ya mapumziko timu hubadilishana, Bohari hushambulia upande ule na kuja kujilinda huku kwetu. Kwa hiyo daftari la Kikokotoo lina Bohari inayofunga kipindi cha kwanza, na Bohari isiyofunga kitu kipindi cha pili. Kila mtu mwenye akili timamu angeona tatizo liko wapi. Sisi tuliona Mkono anaisha pumzi.

– Ninyi mnabishana umri, alisema Kikokotoo. Mimi nina kitu kilichoandikwa. Msimu huu, kipindi cha kwanza, Mkono ana pointi mia moja themanini na nne. Kipindi cha pili, sifuri. Sifuri, jamani. Msimu wa jana pia sifuri. Huyu ni mtu wa mapumziko. Mapumziko yakifika, amekwisha. Na hili nimelisema tangu mwaka jana, na sasa mtaa mzima unalisema.

Ni kweli, mtaa mzima ulikuwa unalisema. Kinyozi analisema. Wapakiaji wa soko la jumla wanalisema. "Mkono anaisha mapumziko." Maneno matatu mafupi, rahisi kubeba.

– Mimi nasema kuna njama, alisema Filimbi, amekaa tena. Mwenyekiti anataka wazee wakae, wale fedha yote, klabu ife kifo cha kawaida. Ikifa, ukuta huu unavunjwa, panajengwa maegesho ya magari. Nimemwona mtu anapima hapa na kamba.

– Yule alikuwa anaanika nguo, alisema Shangazi. Ni mpangaji wangu.

– Kamba ndefu vile?

– Ana watoto sita.

Filimbi alijitia hakusikia. Alinyoosha mkono akakichukua kiatu cha kushoto mapajani mwa Gundi, kama mtu anayetafuta kitu cha kushika wakati aibu inapita. Akakipima mkononi. Akachukua na cha kulia. Akapima tena.

– Gundi. Mbona hiki kizito?

– Nirudishie.

– Hiki cha kushoto kizito. Kikokotoo, hebu shika.

Kikokotoo alishika. Mimi nilishika. Tofauti ilikuwa kubwa kama ya kikombe kilichojaa na kilichonywewa nusu. Filimbi alitia vidole ndani, akavuta kile kitambaa cha juu, na chini yake ikaonekana ngozi laini, chini ya ngozi tabaka jingine, na chini kabisa vipande vyeusi vya mpira vilivyokatwa kwa ustadi, vikapangwa vinene upande wa nje na vyembamba upande wa ndani.

– Huu mpira wangu, alisema Filimbi polepole. Wa ndani ya tairi. Uliniomba vipande ukasema unaziba paa.

– Nilidanganya, alisema Gundi.

Aliondoa vitu vyake mapajani kimoja kimoja, akaviweka chini. Nimekaa na Gundi miaka kumi na sita na sikuwahi kuona mikono yake mitupu.

– Misimu mitatu sasa. Goti lake la kushoto limekwisha. Akisimama wima mguu unakimbilia nje. Alikuja kwangu, hakwenda kwa daktari wa timu, kwa sababu daktari angeandika. Akaniambia, kaka, nitengenezee kitu. Nikatengeneza. Mechi ya kwanza akacheza vizuri, tukala, tukacheka, mke wake akanishukuru. Mwezi uliofuata akaniambia niongeze kidogo. Nikaongeza. Kila nikiongeza anacheza, na kila akicheza goti linazidi kusagika, na likisagika anarudi nimwongezee. Sasa kiatu hakina tena nafasi ya kuongeza kitu isipokuwa nitoe mguu.

Shangazi aliweka birika chini.

– Na ninyi mko hapa, mnasema shibiri moja, mnasema dakika kama simu. Semeni tu, siwalaumu. Ila mjue mnachokisema. Yule anaishi chumba cha nyuma kwangu, yeye na mke wake na watoto wawili. Nilimwambia tangu ana miaka ishirini, njoo nikufundishe kushona soli. Akanicheka. Leo ana thelathini na saba, hajui kushika kitu chochote kisicho cha mviringo. Wakimbakiza, goti linaisha, atatembea kwa fimbo kabla mtoto wake hajamaliza shule. Wakimwacha, anaisha mwenyewe. Mimi usiku nalala namwombea abaki, nikiamka naomba aachwe. Sijui ni lipi la kumtakia. Kama mnalijua, niambieni. Ninyi si mnajua.

Hatukulijua. Filimbi alikirudishia kiatu kitambaa chake taratibu, akakilaza mapajani mwa Gundi kama kitu kinachoweza kuamka. Kikokotoo alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. Mimi nilitazama kikombe changu.

Ndipo Mkono mwenyewe alipokuja.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa duka la vipuri, begi begani, amevaa ndara. Ukiwa hujui ungesema anatembea kwa maringo. Tulikuwa tumeshajua, basi kila hatua tuliiona ilivyo: mguu wa kulia unakwenda, wa kushoto unaletwa. Tulimsalimia kwa sauti kubwa mno.

– Shikamoo kaka, alimwambia Gundi. Shikamoo Shangazi. Wazee, habari za hapa?

– Marahaba, alisema Gundi. Viatu tayari.

Mkono alikaa kwenye ncha ya ubao, akavivaa pale pale, akafunga kamba kwa vidole vile virefu ambavyo vimetupa raha miaka mingi. Akakanyaga chini mara mbili, akijaribu.

– Hukuongeza.

– Hakuna nafasi.

– Sawa.

Walitazamana kidogo tu. Halafu Mkono akatugeukia sisi, na usoni hakuwa na hasira. Ningependelea awe na hasira.

– Nimetoka kwa katibu. Kamati imekubaliana. Fedha hawana, hilo kila mtu analijua. Lakini wamesema wataangalia mlango wa leo. Watu wakiingia wa kutosha, mia tatu tu, watanipa msimu mmoja mfupi, nusu nicheze, nusu nifundishe vijana. Kufundisha, kaka. Nimekaa kitini. Goti limepumzika. Wasipofika mia tatu, leo ndiyo mwisho.

Gundi alifunika uso kwa kiganja. Nilifikiri analia. Hakuwa analia, alikuwa anapumua.

– Kufundisha, alisema nyuma ya kiganja.

– Ndiyo. Nusu na nusu.

– Hilo, alisema Gundi, na akashindwa kumalizia. Mtu aliyekuwa anaomba vitu viwili vinavyogombana alikuwa amepewa cha tatu, na cha tatu kilikuwa kizuri, na kilikuwa kinataka watu mia tatu tu.

– Mlango wa kawaida ni watu wangapi? aliuliza Kikokotoo, kalamu tayari.

– Tisini. Mechi kubwa mia na ishirini.

Kikokotoo alishusha kalamu bila kuandika.

– Kuna kitu kingine, alisema Mkono. Katibu aliniambia kamati iligawanyika. Wengine walisema, ya nini kumbakiza, mtaani wanasema anaisha mapumziko. Nikamuuliza, mtaani wapi? Hakujua. Nikamwambia fungua kitabu cha mechi. Jumamosi iliyopita nilifunga pointi kumi na tisa kipindi cha pili. Kumi na tisa. Mechi ya kabla yake kumi na nne. Kitabu kinayo. Lakini walikuwa wanatafuta neno la kusemea, na neno tayari lipo mitaani, halina mwenyewe.

Kikokotoo alilikalia daftari. Nasema hivi kwa sababu niliona kwa macho yangu: alilitelezesha chini ya paja, akalikalia. Filimbi alianza kuangalia kucha zake. Mimi jasho lilinitoka mgongoni, pale pale ninapoegemea ukuta. Neno lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa na wenyewe wanne, na lilitoka kwenye ubao huu, kwenye tundu lisiloona kikapu cha pili.

– Mtu angesema, alisema Filimbi, sauti ndogo. Angesema hicho kipindi cha pili huwa unafungia upande ule.

– Wanaokuja ndani wanaona, alisema Mkono.

Aliinuka, akashika ukuta kidogo kabla mguu haujakubali.

– Leo mtaingia, wazee?

– Tupo, alisema Kikokotoo haraka. Sisi tupo siku zote. Si unatuona?

– Nawaona, alisema Mkono. Nikiwa upande huu kipindi cha kwanza, nikiinua mkono kutupa, naona jicho ukutani. Kila mara jicho tofauti. Zamani lilikuwa linanichekesha.

Akamgusa kaka yake begani, akaenda. Tulimtazama mpaka alipokata kona ya ukuta.

Sasa hapo watu wenye haya wangenyamaza. Sisi tulianza upya, na kwa kasi zaidi, kama watu wanaokimbia kelele za vichwa vyao.

– Mia tatu ni watu gani? alisema Kikokotoo. Kiwanda cha sabuni kina wafanyakazi mia mbili. Waletwe wote kwa lori.

– Nani atawaleta?

– Mwenye kiwanda.

– Ana habari?

– Apelekewe.

– Muda uliobaki ni saa moja na robo, alisema Shangazi.

– Basi shule, alisema Filimbi. Mwalimu mkuu apige kengele, watoto wote wapange mstari, waingie. Au msiba. Ukitokea msiba mtaa huu watu mia tatu wanafika bila kuitwa. Mtu ajifanye amekufa pale uwanjani, watu wajae, kisha mechi ianze.

– Nani ajifanye?

– Mnara. Ana urefu wa kuonekana.

– Filimbi, alisema Gundi.

– Nasema tu.

– Usiseme.

– Redio, alisema Kikokotoo. Tangazo moja. Au polisi wafunge barabara zote, watu wasiwe na pa kupita isipokuwa uwanjani. Au mchoraji wetu hapa apake bango kubwa.

Wote walinitazama.

– Rangi itakauka kesho, nilisema.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Tuliwapeleka uwanjani wafungwa wa gereza, wagonjwa wenye nafuu, kwaya mbili na abiria wa basi litakaloharibikiwa kwa makusudi mbele ya lango. Tulikuwa tumefikisha watu karibu mia nane. Katika watu wote hao tuliowahesabu kwa vidole na kwa kalamu, hakuna aliyetuhesabu sisi wanne.

Wakati huo alitokea mama mmoja upande wa kituo cha basi. Wa makamo, mwavuli mkononi, viatu vizuri vyenye vumbi la safari. Alisimama mbele ya benchi, akasubiri Kikokotoo amalize kuwapanga wanakwaya.

– Hamjambo, alisema. Samahani kwa kuwakatiza. Nimesikia yule nahodha wa Bohari huenda leo ndiyo mara ya mwisho. Mume wangu alikuwa anampenda sana, tulikuwa tukimsikiliza redioni mpaka mzee mwenyewe akafariki. Nikasema nije nimwone kwa macho mara moja. Tiketi zinauzwa wapi?

Kikokotoo alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta kichwani, mtu mwenye misimu kumi na sita kwenye daftari, akageuka kulia, akageuka kushoto.

– Zamani kulikuwa na dirisha, alisema.

– Liko upande gani?

– Lilikuwa pale langoni, alisema Filimbi. Au nyuma. Upande wa matanki. Si wamehamisha, Shangazi?

– Mimi sijui, alisema Shangazi. Mimi nauza hapa.

Mama akamtazama Gundi. Gundi alikuwa amekaa na sindano mkononi bila kiatu, na uso wake sitausahau. Alikuwa ameshona viatu vya mdogo wake kwa miaka kumi na sita, akampima unyayo akiwa amelala, akajua kila tabaka la ngozi lililo chini ya kisigino chake. Hakujua tiketi zinauzwa wapi.

– Mimi ni kaka yake, alimwambia yule mama. Ni hilo tu alilopata kusema.

Mama akanigeukia mimi, wa mwisho. Mimi nikageukia ukuta, maana hapo nilikuwa nimekumbuka. Miaka ile klabu iliponipa kazi, waliniambia niandike neno moja kubwa na kuchora mshale. TIKETI, kwa bluu, na mshale wa kuonyesha njia. Niliandika hapa hapa, kwa kuwa hapa ndipo watu hupita wakitoka kituoni. Wiki iliyofuata tukaleta ubao, kwa kuwa ukuta ulikuwa na kivuli kizuri. Niliinama nikatazama nyuma ya mgongo wa Kikokotoo. Ilikuwa imebaki alama ya bluu, mstari mfupi uliolala, mwanzo haujulikani na mwisho haujulikani. Kichwa cha mshale kilikuwa kimekwenda nyumbani kwenye mashati yetu kitambo. Na mimi niliyeuchora sikukumbuka ulielekea upande gani.

– Sijui, mama, nilisema.

Alitushukuru. Kwa adabu kabisa, kama vile tumemsaidia. Akafungua mwavuli akaanza kwenda kushoto, akasita, akarudi kulia.

Gundi aliinuka. Aliacha sindano, uzi, kopo la gundi, kila kitu juu ya ubao, yeye asiyeacha hata msumari.

– Ngoja, dada yangu, alisema. Tutafute wote.

Wakaenda wakiufuata ukuta, yeye mbele akigusa matofali kwa kiganja.

Tulibaki. Ningeweza kuinuka. Fedha nilikuwa nayo mfukoni, ya kahawa ilikuwepo na inayobaki ilikuwepo. Nilijiambia bado muda upo. Halafu nikajiambia muda umekwisha. Ukweli ni kwamba niliona aibu kufika dirishani baada ya miaka yote hiyo, mtu wa tiketi akaniuliza mimi ni mgeni hapa. Filimbi aliinamisha birika juu ya kikombe chake, likatoka tone moja, kisha mashapo ya kahawa. Shangazi alilitikisa birika akalifunika.

Saa kumi na moja filimbi ya kweli ililia ndani. Kikokotoo, kwa mazoea, alisogeza jicho kwenye tundu.

– Wameanza, alisema. Mkono yuko. Ana mpira. Anainua mkono. Ametazama huku.

Alijitoa kidogo tunduni, akarudi.

– Ameingiza? aliuliza Filimbi.

– Imeingia.

Kalamu ilikuwa sikioni mwake. Hakuichukua.

– Watu je? nilimuuliza. Watu wamejaa?

Kikokotoo alibana shavu kwenye tofali, akageuza shingo huku, akaigeuza kule, akajinyoosha mpaka ncha za vidole. Kisha akatoa jicho ukutani na kukaa.

– Kutoka hapa, alisema, viti havionekani.